Kompyuta kuukuu: anza na skrini, malizia na kadi

Hapakosi kijana wa kuniuliza swali hili: nitie kadi gani ya grafiki kwenye kompyuta yangu ya zamani? Swali huja kwa simu kutoka Mombasa, Malindi na Lamu, na huku Kakamega kazi iliponileta nalisikia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Jawabu langu huwakera kidogo, maana nami huuliza: kazi gani, na unaitazamia kwenye skrini gani?

Wengi wetu tumezoea kuiona kadi kuwa ndiyo moyo wa mambo, na skrini kuwa kioo tu cha kuonyeshea. Ndugu msomaji, leo nataka kueleza kwa nini mpango huo ugeuzwe. Kazi iwe ya kwanza, skrini ya pili, umeme wa tatu, na kadi ije mwisho. Tanga hukatwa kwa kipimo cha chombo. Ukitia tanga la jahazi kwenye kidau, hutafika mbali.

Mashine tulizo nazo

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua ni mitumba iliyotoka maofisini Ulaya, zile wauzaji wanazoziita eks-UK. Utazikuta Dell OptiPlex, HP Compaq Elite na Lenovo ThinkCentre, nyingi zikiwa za kati ya 2012 na 2015. Ni mashine imara. Zilitengenezwa kwa barua, hesabu na barua pepe, na kwa kazi hizo bado zinafaa.

Picha katika mashine hizi hutengenezwa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha nne, kwa mfano i5-4590, zina sehemu iitwayo HD Graphics 4600. Haina memori yake, hukopa ile RAM ya kompyuta. Kadi ya grafiki ni kompyuta ndogo ya pembeni iliyo na prosesa yake, memori yake na feni yake, kazi yake ni picha tu.

Tatizo linalowaleta vijana kwangu kwa kawaida si michezo, ni video. Simu nyingi za leo zinaweza kurekodi kwa mtindo wa H.265, ambao huminya video iwe ndogo bila kuharibu picha. Mtindo huo uliidhinishwa 2013, mwaka uleule prosesa za kizazi cha nne zilipotoka, kwa hivyo HD 4600 haikuundiwa kuufungua kikamilifu. Mzigo wote huangukia prosesa. Kijana anaweka video ya harusi kwenye programu ya kuhariri, na maharusi wanatembea kwa kukwamakwama kama mtu apandaye ngazi gizani. Hapo kadi ina kazi ya kweli.

Nani hana haja ya kadi

Kabla hujatoa pesa, jiulize kompyuta inafanya nini kutwa. Kama ni duka la saiba linalochapisha barua, kujaza fomu za eCitizen na kurudisha ripoti za kodi za KRA, kadi haitakusaidia lolote. Mashine kama hiyo ikiwa nzito, mara nyingi ugonjwa ni diski ya zamani inayozunguka. Itoe, weka SSD, na ukiweza ongeza RAM ifike GB 8. Utadhani umenunua kompyuta nyingine, na pesa ya kadi imebaki mfukoni.

Wenye haja ni wahariri wa video, wachoraji wa majengo na vitu vya pande tatu, na wachezaji wa michezo. Anayechora kadi za harusi na mabango anaweza kuendelea bila kadi, lakini skrini mbovu itamuumbua mbele ya wateja.

Skrini ndiyo inayopanga kazi

Picha ya skrini ni vitone vidogo, yaani pikseli. Skrini ya kawaida ya leo ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, utapata 2,073,600. Ile ya 2,560 kwa 1,440 ina 3,686,400. Ya 4K, yaani 3,840 kwa 2,160, ina 8,294,400, ambayo ni mara nne ya ile ya kwanza. Pikseli zote hizo huchorwa upya mara 60 kwa sekunde katika skrini ya hertz 60, na mara 144 katika ile ya hertz 144.

Hapa ndipo utaona kwa nini skrini hutangulia. Ukichagua 4K, umeiagiza kadi kazi mara nne. Ukichagua 1,920 kwa 1,080 yenye hertz 60, kadi ya wastani inatosha. Video za harusi hurekodiwa picha 25 au 30 kwa sekunde, kwa hivyo hertz 144 hazimwongezei mhariri kitu. Hizo ni za wachezaji wa michezo ya kasi, na lazima kadi iweze kutoa picha zote hizo, la sivyo umelipia namba.

Ukubwa nao una hesabu yake. Pikseli zilezile 1,920 kwa 1,080 zikiwekwa kwenye inchi 21.5 zinakaribiana, kama 102 kwa kila inchi, na maandishi yanatoka safi. Kwenye inchi 27 zinabaki kama 82, na kwa mtu aliyekaa karibu herufi huanza kuonekana na kingo. Kwa meza ya kawaida, inchi 22 hadi 24 ndicho kipimo kizuri. Wapo wanaotumia runinga ya inchi 32 kwa kuona ni kubwa. Runinga nyingi za bei nafuu za ukubwa huo zina pikseli 1,366 kwa 768 tu, ambayo ni nusu ya skrini ya kawaida, tena zimetandazwa mahali papana. Kwa mpira ni sawa. Kwa kusoma na kuhariri utaumiza macho.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni aina ya kioo. Vioo vya TN hugeuza rangi ukiinamisha kichwa kidogo. Vya IPS hubaki vilevile hata ukitazama kwa upande. Fikiria kijana anayetengeneza picha za bibi harusi: kwenye skrini yake nguo ni ya rangi ya pembe, amerekebisha mpaka amependezwa, kisha picha ikifika kwa wenyewe kwenye simu nguo ni ya manjano. Kazi inarudishwa, jina linaharibika. Kwa mtu wa rangi, IPS kuukuu ni bora kuliko TN mpya.

Habari njema ni kwamba ofisi za Ulaya zilinunua IPS nyingi, na sasa zinatufikia kama mitumba. Dell P2214H ni inchi 21.5, na P2419H ni inchi 23.8, zote ni IPS za 1,920 kwa 1,080. Usiichukue bila kuiwasha. Fungua picha nyeupe tupu ijaze skrini yote, utafute madoa na sehemu zilizogeuka manjano. Kisha nyeusi, uone kama pembe zinavujisha mwanga. Kisha nyekundu, kijani na buluu, utafute pikseli zilizokufa. Ni kazi ya dakika 3, na muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Tazama pia matundu ya nyuma. VGA, lile la pini 15, lilianza 1987 na hubeba picha kwa njia ya kizamani. Kadi nyingi tutakazozitaja hapa chini hazilitoi tena. Kama skrini yako ina VGA peke yake, utahitaji adapta yenye saketi ndani ya kugeuza ishara, waya mtupu hautoshi. Afadhali skrini yenye HDMI au DisplayPort. OptiPlex 9020 yenyewe ina DisplayPort mbili na VGA, haina HDMI, kwa hivyo skrini yenye DisplayPort utaweza kuitumia hata kabla ya kununua kadi.

Umeme ndio mpaka

Sasa tufungue sanduku. Kadi huchomekwa kwenye sloti ndefu ya PCI Express, na sloti hiyo kwa kipimo chake inaweza kutoa hadi wati 75. Kadi inayokula zaidi hutaka waya wa ziada kutoka pawa saplai, wenye pini 6 au 8. Mashine za ofisini kwa kawaida hazina waya huo. OptiPlex 9020 ya sanduku refu ina pawa saplai ya wati 290. Ile ndogo ya kulala ina wati 255. HP Elite 8300 ndogo ina 240. Hizo ni za kulisha mashine nzima, si kadi peke yake.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mombasa, anasoma hapa na anaishi Lurambi. Huhariri video za harusi, na ndizo zinazomlipia chumba. Mama yake alipopokea mchezo alimtumia Sh30,000 aboreshe kompyuta, OptiPlex 9020 refu yenye RAM ya GB 8. Akaja na picha ya tangazo la kadi ya RX 580.

"Mjomba, hii ina GB 8, tena ni rahisi."

Nikamwambia, "Mwanangu, utailisha nini?"

RX 580 ilitoka 2017 na hula wati 185. Hutaka waya wa ziada, kwa kawaida wa pini 8, ambao mashine yake haina. Kubadilisha pawa saplai si jambo jepesi, kwa kuwa plagi kuu ya Dell hiyo ina pini 8 badala ya 24 za kawaida, utafute na adapta yake. Juu ya hayo, kadi nyingi za aina hiyo zilifanya kazi usiku na mchana zikichimba sarafu za kidijitali kabla ya kuuzwa. Rahisi huvunja upishi.

Basi kwa mashine za ofisini kanuni ni moja: tafuta kadi ya wati 75 au chini yake, isiyo na tundu la waya wa umeme. Hata hivyo, baadhi ya mashine ndogo za kulala watengenezaji wamezipunguzia kikomo cha sloti kikawa chini ya 75, kwa hivyo soma kitabu cha mashine yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mashine hizo pia zinahitaji kadi ya kimo kifupi yenye bati fupi la kushikia. Ukinunua ya kimo kirefu, sanduku halifungiki.

Kadi zinazoingia

GT 1030 ya 2017 hula wati 30 na huingia karibu kila mahali. Ila iko ya aina mbili kwa jina moja. Ya kwanza ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Nyingine, iliyotoka 2018, ina memori ya DDR4 inayopitisha GB 16.8, karibu theluthi. Boksi zinafanana, kwa hivyo soma maandishi madogo. Na yote mawili hayana kifaa cha kuminya video, basi mhariri hanufaiki nayo sana.

GTX 750 Ti ya 2014 hula wati 60, lakini umri umeshaipita. GTX 1050 Ti ya 2016 hula wati 75, ina GB 4 na hufungua H.265 bila taabu. Ni kadi nzuri, lakini ujue kwamba Nvidia ilitangaza kukomesha draiva mpya za kawaida za kizazi chake Oktoba 2025, zikabaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ya 2019 nayo ni ya wati 75 na GB 4, ni ya kizazi kilichofuata, na haimo katika tangazo hilo. Kuna GTX 1650 zenye tundu la pini 6 na zisizo nalo. Wewe chagua isiyo nalo.

RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, hula wati 70 na ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi, ila bei yake inaweza kupita ya kompyuta nzima. RX 6400 ya wati 53 haina kifaa cha kuminya video, na hupitisha habari kwa njia 4 tu, kwa hivyo hupungua nguvu kwenye mashine za zamani. Kadi za Intel Arc ziache kabisa: hutegemea uwezo wa madabodi uitwao Resizable BAR, ambao mashine zetu hizi hazina.

Ila za sokoni

Duka lisilo na kadi Kakamega litakuagizia Nairobi, mara nyingi kutoka maduka ya pande za Luthuli Avenue, na kifurushi kitakuja kwa basi. Hapo ndipo hatari. Zipo kadi bandia zinazojiita GTX 1050 Ti, na ndani mna chipu za 2010 au 2011 kama GTS 450 na GTX 550 Ti. Matapeli hubadilisha programu ya ndani, na Windows yenyewe husoma jina la uongo.

Ziko njia mbili za kuwakamata. Ya kwanza ni macho: 1050 Ti ya kweli haina VGA, basi ukiliona tundu hilo rudisha. Ya pili ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Tangu toleo la 2.12 la 2018 hutambua kadi nyingi bandia za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Mwambie muuzaji akutumie picha ya dirisha hilo kabla hujalipa, na sharti la kurudisha liandikwe kwenye risiti. Kuficha ila ya mali ni dhuluma, na mnunuzi kuuliza si ugomvi.

Hesabu ilivyokwenda

Zile Sh30,000 tulizigawa hivi: skrini ya IPS ya mtumba ya inchi 22 Sh7,500, SSD ya GB 240 Sh3,000, RAM nyingine ya GB 8 Sh2,500, GTX 1650 iliyotumika Sh13,500, na kebo ya DisplayPort Sh500. Jumla Sh27,000. Zilizobaki zikaenda kwa nauli ya kifurushi na kikinga umeme. Ni bei za mitumba za siku hiyo, wewe utakuta nyingine, lakini tazama mgao: kadi haikufika nusu ya pesa.

Alianza na SSD na RAM, akafanya kazi wiki moja, kisha skrini, na kadi ikafuata mwisho. Programu ya DaVinci Resolve, anayoitumia bure, hutegemea sana memori ya kadi, na kwa video za kawaida GB 4 zinamtosha. Video zilizokuwa zikikwama sasa zinatiririka. Kazi iliyokuwa ikikesha kutoka, sasa huimaliza kabla ya kulala.

Siku ya kufunga kadi, zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha sanduku kabla ya kushika kadi. Ukimaliza, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la madabodi. Wapo walionipigia simu kuwa kadi imekufa, kumbe picha bado inapita njia ya kale.

Radi ya huku, chumvi ya kwetu

Kakamega ni nchi ya mvua. Asubuhi jua, alasiri ngurumo. Kikinga umeme husaidia umeme unaporuka, lakini hakizuii radi ikipiga karibu. Ngurumo zikianza, chomoa kompyuta, skrini, na waya wa intaneti pia, maana radi hupitia humo vilevile. Ukiwa na UPS, angalia wati zake na si namba ya VA peke yake, kwani wati huwa pungufu.

Kwa walio Pwani adui ni hewa ya chumvi na joto. Meno ya kadi hupata kutu, feni hushika vumbi la unyevu. Usiiweke mashine karibu na dirisha linalotazama bahari, na ifunguliwe isafishwe mara kwa mara.

Neno la mwisho ni la tahadhari. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka rasmi Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha nne haimo, na hakuna kadi itakayobadilisha hilo. Kwa hivyo usiizike pesa nyingi kwenye sanduku kuukuu. Nunua vitu utakavyohama navyo: skrini nzuri, SSD, na kadi ya wati 75 vitaingia kwenye mashine itakayofuata bila shida. Kabla hujaenda dukani andika kwenye karatasi mambo matano: kazi yako, pikseli za skrini, matundu yake, wati za pawa saplai, na kimo cha sanduku. Muuzaji akikutajia kadi isiyoingia katika matano hayo, mshukuru, umpe mkono, uende duka la pili.